Kibati Namba Kumi na Nne

Kanga husema hasidi hana sababu. Aliyeiandika kanga hiyo hakuwa na wifi kama wangu. Mimi sababu ninazo, tena ukitaka nakupangia moja moja, na ya kwanza ni ovaroli.

Ovaroli lilikuwa la buluu iliyoiva, lina mifuko sita, na juu ya mfuko wa kifuani limetariziwa jina: VIOLETH. Lilitariziwa Mtaa wa Sikukuu, kwa cherehani niliyoifufua mimi kwa mikono hii, ikiwa imeshawekwa kando iende kwenye chuma chakavu. Maana hiyo ndiyo kazi yangu. Ukisema Kariakoo kwamba wewe ni fundi cherehani, watu wanadhani unashona. Sishoni. Naitibu cherehani yenyewe, ya miguu na ya umeme, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko barazani pale na boksi langu la vifaa. Basi jina la wifi yangu lilichorwa kwa uzi mweupe na mashine niliyoirudishia uhai mimi. Wivu wa hapo hauhitaji mganga kuuagua.

Na chuo nilikigundua mimi. Kiko nyuma ya viwanja vya Mnazi Mmoja, chuo cha jamii tu, jengo ambalo zamani lilikuwa bohari la vitambaa. Jengo la mbele wanasoma watu walioanguka kidato cha nne na wanataka kurudia: hisabati, fizikia, Kiingereza. Uani kuna godauni, na humo wanafundisha matengenezo ya ndege. Siku lori lilipoileta ile ndege ndogo isiyo na mabawa, nilikuwa na bobini ya mteja mkononi. Nilimwacha mteja amekaa kwenye kigoda, nikalifuata lori kwa miguu mpaka getini, na nilipofika nikagundua bobini bado ninayo. Sijawahi kukitaka kitu maishani mwangu kama nilivyotaka kuingia kwenye lile godauni.

Nikachukua fomu, nikaiweka mezani nyumbani. Tunakaa Msimbazi, vyumba viwili na ua tunaochangia na wapangaji wengine: mimi, kaka yangu Beno, na mke wake Violeth, ambaye Beno alimtoa Rombo miaka mitatu nyuma. Sisi ni watu wa Masasi, tunafoka kisha tunasahau. Violeth hafoki. Aliisoma ile fomu mbele na nyuma, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akaniuliza, "Wifi, na mimi naweza kuomba?"

"Omba," nikamwambia. Nilimkaribisha kama unavyomkaribisha mtu chakula ukijua ameshiba.

Kumbe cheti chake cha kidato cha nne kina B ya fizikia. Changu kina F, imesimama pale kama mti wa bendera. Mwalimu Kasmir, mkuu wa godauni, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alivitazama vyeti vyetu viwili, kisha akatazama mikono yangu.

"Dada Klara, mikono yako naiona. Lakini sheria inataka karatasi. Kaa darasa la mbele, ufanye fizikia na hisabati Novemba. Ukipata hata C, Machi nafasi yako ipo."

Violeth akaingia godauni siku ileile. Mimi nikakaa na watoto wa miaka kumi na tisa wanaoniita anti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji nilizidi kuugua.

Mbaya zaidi, darasa letu lilikuwa na dirisha linalotazama godauni. Mwalimu wa hisabati akiandika ubaoni, mimi natazama kule. Nilijua utaratibu wao wote kabla sijaruhusiwa kugusa kitu. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa mweupe uliochorwa umbo la kila chombo: hapa umbo la koleo, hapa nyundo, hapa spana, kila kimoja kimezungushiwa mkanda wa rangi nyekundu shingoni kisije kikachanganywa na cha mtu. Kila mwanafunzi alikuwa na kibati cha namba yake. Ukichukua chombo, unatundika kibati chako mahali pake. Ukirudisha chombo, unachukua kibati. Jioni wa zamu anahesabu, akiona hakuna kibati kilichobaki ubaoni, anasaini daftari na godauni linafungwa. Kibati cha Violeth kilikuwa namba kumi na nne. Nilikiona kikining'inia na kuondoka, kikining'inia na kuondoka, mpaka nikawa nakiota.

Nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Beno anauza nguo za watoto Mtaa wa Kongo, na picha ya mkewe ndani ya ovaroli aliionyesha kila mteja. "Mke wangu huyo, fundi ndege." Siku moja nilikuwa nimesimama pale pale, mteja akauliza, "Na huyu?" Beno akasema, "Huyu dada yangu, yuko kwenye mambo ya cherehani." Mambo ya cherehani! Mwaka wa kumi na moja ukawa mambo. Jirani yetu Mboni naye kila akinikuta bombani: "Klara, wifi yako ndiye atatupandisha ndege." Nikamjibu apande kwanza ngazi za kwao, ambazo zimeoza.

Sasa nakuja kwenye Jumatano yenyewe.

Kwetu maji ya bomba hutoka Jumatano, na desturi ya nyumba ni kwamba atakayekuwepo anafua vya wote. Nilitoka darasani saa tisa, nikakuta maji, nikaanza. Violeth aliingia saa kumi na mbili kasoro, jasho linamtoka. Umeme ulikuwa umekatika mjini, wakafunga godauni kwa mwanga wa simu. Alivua ovaroli, akalilaza ukingoni mwa beseni, akasema, "Pole na kazi, wifi," akaingia jikoni.

Nikalishika. Mimi nguo haiingii kwenye maji kabla sijageuza mifuko yote nje, tangu siku nilipofua kitambulisho cha Beno. Mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukanipa spana namba kumi, yenye mkanda mwekundu shingoni.

Fundi yeyote duniani anajua spana namba kumi ndiyo inayopotea kuliko zote. Lakini nilijua na zaidi ya hapo. Nilijua Violeth ndiye aliyekuwa zamu. Nilijua basi amesaini daftari kabla ya kuhesabu, spana yake mwenyewe ikiwa mfukoni, na kibati namba kumi na nne kimelala ubaoni gizani. Mwanafunzi wa B amefanya kosa ambalo mimi wa F nisingelifanya. Furaha iliyonipanda naona aibu kuisimulia, lakini ilikuwa furaha. Nikaichomeka spana kiunoni, ndani ya kanga, nikageuza mifuko miwili iliyobaki, nikalisukuma ovaroli kwenye povu.

Hazikupita dakika kumi akatoka jikoni mbio, mwiko bado mkononi.

"Wifi, hujakuta kitu mfukoni?"

"Kitu gani?"

"Spana. Ndogo."

"Mimi ni dobi wako leo, sijawa askari wako. Sijakuta kitu."

Alilitazama lile beseni. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Haya, wifi," kwa sauti yake ileile, akaweka mwiko chini, akatoa simu. Nilidhani anampigia mwenzake wapange uongo. Hata kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Violeth. Nimesaini daftari wakati spana namba kumi sijairudisha. Nadhani nimetoka nayo, lakini nyumbani haipo." Akasikiliza. "Ndiyo, Mwalimu. Naelewa. Kama siishiki mkononi, nihesabu imo ndani ya injini."

Nilisugua mkono mmoja wa lile ovaroli mpaka ukabadilika rangi.

Jumamosi ile injini ilikuwa iwashwe kwa mara ya kwanza, na familia za wanafunzi zilikuwa zimealikwa. Watu walikuja na vitenge vyao vya sherehe, Beno alivaa kiatu cha harusi. Mwalimu Kasmir akasimama mlangoni akasema injini haiwashwi. Kuna chombo hakijulikani kilipo, na kwenye ndege chombo kisichojulikana kilipo kinaua watu. Akaomba radhi, akawapa soda. Ndani, darasa zima likaanza kuifungua injini nati kwa nati, na wa mbele alikuwa Violeth. Wenzake hawakumsemesha. Mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba watu waje shule na akili, wasije na usingizi. Beno njiani alinitangulia hatua kumi, na picha ya ovaroli ikapotea kwenye simu yake.

Nisikudanganye, usiku ule nililala vizuri. Nilimngojea afukuzwe. Ningemwambia pole, tena pole ya dhati, na tungerudi kuwa sawa, mawifi wawili wasio na ndege.

Hakufukuzwa. Alinyang'anywa zamu, na kwa wiki tatu kila Jumamosi na Jumapili baada ya misa alikuwa godauni na mafuta mpaka viwikoni, anafungua, anafuta, anakagua, anafunga. Aliporudi alikuwa hawezi kushika kikombe vizuri. Na bado, jamani, bado alikuwa ananiita mezani: "Wifi, leta fizikia." Maana mtihani wangu ulikuwa umebakiza wiki tano, na mimi hesabu za momenti, nguvu inayozungusha kitu, zilikuwa zimenikalia kooni.

"Ukikuta nati imekaza," akaniuliza jioni moja, "spana unaishika wapi? Karibu na nati au mwishoni?"

"Mwishoni, kwani mimi mjinga?"

"Kwa nini mwishoni?"

"Inakuwa nyepesi kufungua."

"Basi wifi, hiyo ndiyo momenti. Unaijua tangu zamani. Ni jina tu ulikuwa huna."

Kitu nilichokuwa nacho mikononi miaka yote ile, hakuna mwalimu aliyeweza kunionyesha kuwa ninacho, na aliyenionyesha alikuwa yeye. Ningeweza kulia. Badala yake nilimwambia ana kucha chafu.

Spana ilikaa chini kabisa ya boksi langu, imeviringishwa kwenye kitambaa. Siku mbili tatu niliivuta nikasimama nayo daraja la Msimbazi. Kuitupa nikashindwa. Fundi hatupi spana, mkono wenyewe unakataa. Kuirudisha nako nilishindwa, maana kila nikiamua, nakutana na ovaroli kwenye kamba na jina lake limenitumbulia macho. Injini hatimaye ilifungwa upya, ikawashwa Desemba bila sherehe. Wanasema Violeth alikuwa anaijua mpaka ndani ya mifupa. Nikasikia wivu upya. Adhabu niliyompa mimi imemfanya fundi kuliko wenzake wote.

Januari matokeo yakatoka. Fizikia C, hisabati C. Violeth alipiga vigelegele uani mpaka wapangaji wakatoka kuuliza nani anaolewa. Wiki moja kabla ya kuanza masomo akanikabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na ovaroli la buluu iliyoiva, na kifuani, kwa uzi mweupe, kwa ile ile cherehani ya Mtaa wa Sikukuu: KLARA. "Nimewaambia waandike kubwa kuliko langu," akasema, akicheka. Nilisema asante. Neno lilitoka kavu kama unga.

Siku ya kwanza nilivaa ovaroli, na kwenye begi nikaweka daftari, kalamu na ile spana. Nilikuwa nimepanga kuitundika kimyakimya watu wakienda kunywa chai. Violeth hakuwepo, darasa lake walikuwa wamepelekwa uwanja wa ndege kwa mafunzo ya vitendo. Mwalimu Kasmir akatugawia vibati. Changu kilikuwa namba ishirini na mbili. Nilikishika kiganjani, bado kina makali ya kukatwa asubuhi ile. Kisha akatupeleka mbele ya ubao.

Vyombo vyote vilikuwa mahali pake, isipokuwa umbo moja dogo lililokuwa tupu. Juu yake kilining'inia kibati namba kumi na nne.

"Mwenye namba hii alipewa kibati kingine," Mwalimu akasema, "lakini hiki nimekiacha. Spana nyingine nimekataa kununua. Kila darasa jipya nitawaonyesha hapa. Binti huyu alikosea, alisaini kabla ya kuhesabu. Hakuna aliyekuwa anajua. Angeweza kununua spana dukani asubuhi, akapaka rangi nyekundu, akatundika, nisingejua mpaka leo. Alipiga simu mwenyewe kabla hajaulizwa. Mikono naweza kumfundisha mtu yeyote. Hicho siwezi kukifundisha. Aliye nacho, ninamwamini na ndege ambayo mama yangu mzazi amepanda."

Wengine wakaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nahesabu mifuko ya ovaroli langu. Sita. Spana ilikuwa begini, na chai ilikuwa saa nne. Dakika arobaini tu. Lakini nilijua nikiitundika kimyakimya, atakayeikuta atashangilia kwamba Violeth kumbe aliiangusha mahali, na mimi nitaendelea kusimama mbele ya ubao huu kila siku ya kazi.

"Mwalimu," nikasema. "Spana hiyo ninayo mimi."

Darasa likacheka, likidhani natania. Nikafungua begi, nikaitoa, nikaitundika. Ilikaa kwenye umbo lake bila hata kutikisika. Kicheko kikakatika.

Mwalimu Kasmir alivua miwani. "Klara. Wewe na Violeth mnakaa nyumba moja?"

"Ni wifi yangu."

"Basi umeiona wapi? Imeonekana juzi? Labda ilianguka uvunguni." Aliniuliza taratibu, na nikaona ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, uvunguni. Angenishukuru, na angemwambia kila mtu kwamba nyumba ile ni ya watu waaminifu.

"Niliikuta mfukoni mwake siku ileile. Nikaificha. Nilikuwa namwonea wivu."

Mwalimu aliivaa tena miwani. Kisha akanyoosha mkono, nikadhani ananitaka mkono wangu, kumbe anataka kibati. Nikamrudishia ishirini na mbili.

"Hiki kitakaa kwangu. Sijui mpaka lini, usiniulize." Akachomoa namba kumi na nne ubaoni. "Hiki mpelekee mwenyewe."

Nilirudi kwa miguu, nikapita Kariakoo katikati, na ovaroli langu mwilini. Mtaa wa Sikukuu wakaniamkia kwa shangwe, "Fundi ndege!" Nikaongeza mwendo.

Violeth alirudi jioni, akakaa uani na ungo wa mchele. Nikamwendea, nikaweka kibati juu ya mchele. Alikitazama.

"Umeipeleka," akasema. Hakuuliza nini.

"Ulijua?"

"Tangu Jumatano ile. Nilipolikuta ovaroli kambani, mifuko yote sita ilikuwa nje. Wewe hufui mfuko usioupekua, wifi. Na mimi spana nakumbuka nikiitumbukiza."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwalimu? Angekuchukua Machi?" Alichagua jiwe, akalitupa. "Umemwambia vipi?"

"Kama ilivyokuwa. Amechukua kibati changu."

Hapo ndipo nikamwona Violeth amekasirika, kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu.

"Ungesema uvunguni! Wiki tatu, wifi, nimefungua injini nzima kutafuta kitu ninachojua hakimo, ili wewe uingie pale. Wamenisema, Beno amenikunjia uso, nimekaa na siri hiyo. Na wewe umeingia siku moja, siku moja tu, umetoka!"

Alilia akiwa anachambua. Sikuweza kumwambia pole, neno lilikuwa dogo mno. Nilivuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kutoa mawe na mimi.

Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Miezi mitano alikuwa na siri yangu tumboni, na bado akanifundisha momenti, akanitarizia jina, akanipigia vigelegele. Mimi spana moja tu ilinishinda.